Majimoto ni Mlinzi wa Minazi, Asipigwe Sumu

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, mashamba ya Unguja na Pemba huingia harakati. Majamvi hutolewa na kuanikwa, ngazi na kamba hukaguliwa, na wenye mikarafuu huanza kuulizana ni wapi watapatikana wachumaji. Baadhi ya wenye mashamba sasa wameongeza jambo jengine ambalo halikuwa katika desturi za wazee wetu, nalo ni kuipiga mikarafuu dawa ya wadudu siku chache kabla ya kuchumwa, ili majimoto wafe na mchumaji apande bila ya kuumwa. Jambo hili linaonekana dogo. Sisi hatulioni dogo, na leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tulizungumze kwa urefu.

Katika shehia moja ya shamba, ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lenyewe bado halijamalizika, bibi mmoja mjane amempeleka jirani yake kwa sheha. Bibi huyo anaishi kwa minazi yake michache: nazi huuza, makuti husuka, na makumbi huyafukia pwani kwa ajili ya kamba. Jirani yake ana mikarafuu. Msimu uliopita jirani aliajiri kijana mwenye bomba la mgongoni, akaipiga mikarafuu yote dawa. Bibi anadai kwamba tangu siku zile minazi yake iliyo mpakani inaangusha vidaka kila asubuhi, na kwamba mkwezi akipanda hakuti kitu cha maana juu. Jirani amejibu kuwa yeye alipiga dawa miti yake mwenyewe katika ardhi yake mwenyewe, wala hakuugusa mnazi wa mtu. Tumeambiwa kuwa bibi aliposema kuwa anadai majimoto wake waliouawa, waliohudhuria walicheka.

Sisi hatukucheka, kwa sababu bibi yule alisema kweli, na kweli hiyo ilikwisha kuandikwa na wataalamu kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Mnazi una adui mmoja ambaye wakulima wetu wengi hawamjui kwa sura. Ni mdudu wa jamii ya kunguni, wa rangi ya kahawia, urefu wake sentimita moja na kidogo, mwenye mdomo mrefu kama sindano. Tumwite kunguni wa mnazi. Karara linapopasuka na upunga kutokeza, yeye huyachoma maua ya kike na vidaka vichanga, akatia mate yake yenye sumu na kufyonza maji. Pale alipochoma hufa, na kidaka huanguka. Kikinusurika mpaka kikawa kitale, hubaki na makovu, hutoa utomvu, na nazi yake huwa ndogo iliyokunjamana. Kunguni wawili tu juu ya mnazi mmoja wanatosha kuleta hasara kubwa. Kwa kuwa ni wachache na wanaishi juu kabisa, mwenye shamba huokota vidaka chini akalaumu upepo, au ukame, au jicho la hasidi.

Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, M. J. Way, aliyekuwa akifanya uchunguzi hapa kwetu Zanzibar, alieleza katika jarida moja la kisayansi la London uhusiano uliopo baina ya mdudu huyu na namna mbalimbali za chungu wanaoishi katika mashamba ya minazi. Miaka minne baadaye mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu, na jina hilo, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka mtafiti huyo. Aliyoyaona yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mnazi unaokaliwa na majimoto huzaa. Mnazi usiokuwa na majimoto, hasa ule ambao chini yake wametawala sisimizi wa kichwa kikubwa, huangusha. Katika visiwa vya Solomon, mbali huko katika bahari ya Pasifiki, imeonekana hali ya namna hiyo hiyo, kwa kunguni wao na majimoto wao. Miaka ya 1980 na 1990 mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, uliosaidiwa na Ujerumani, uliirudia kazi hiyo Bara na Visiwani, na utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 1998 ulithibitisha tena kwamba minazi yenye majimoto hupata madhara machache zaidi ya kunguni na huzaa vizuri zaidi.

Inafaa tumtazame mlinzi huyu, kwani tumezoea kumjua kwa maumivu yake tu. Majimoto hushona majani. Wafanyakazi hujipanga safu, wakavuta kingo za majani mpaka zikakutana, kisha wengine huja na watoto wao wachanga mdomoni, na watoto hao hutoa uzi wa hariri ambao kwao majani hushikizwa, kama fundi anayepitisha sindano upande huu na upande huu. Kundi moja lenye malkia mmoja huweza kuwa na viota vingi vilivyotapakaa katika miti kadhaa ya jirani. Mchana na usiku wao huizunguka miti hiyo, na kila mdudu mgeni wanayemkuta humkamata au humfukuza. Sisi tuliosoma chuoni chini ya mwembe tunakumbuka kwamba hawakumbagua mwalimu wala mwanafunzi.

Hatutaki kumfanya malaika. Majimoto hafanyi kazi bure. Hupenda maji matamu yanayotolewa na wadudu gamba wanaofyonza majani na vijiti, na kwa ajili ya utamu huo huwalinda wadudu hao, wakiwamo wale wa mkarafuu. Way mwenyewe aliliandika hilo. Mwenye mikarafuu anayelalamika kuwa anamlisha mtu asiyemfaa yeye bali anayemfaa jirani, hasemi upuuzi mtupu. Lakini hasara hiyo si ya kulinganishwa na ile ya minazi, na mwenye mikarafuu naye hula wali wa nazi.

Hapa ndipo hoja ya jirani, kwamba hakuugusa mnazi wa mtu, inapoanguka. Minazi haigusani kwa makuti kama miti mingine inavyogusana kwa matawi. Majimoto akitaka kutoka mnazi huu kwenda ule, mara nyingi hulazimika kushuka chini, na chini yupo adui yake, yule sisimizi wa kichwa kikubwa, anayeweka makao yake penye mashina ya minazi na kupigana naye mpaka amfukuze. Mkarafuu, mchungwa, mpera na mwembe iliyo karibu na minazi ndiyo ngome yake. Ana majani mapana ya kushona, chakula, na njia ya juu isiyopita ardhini. Anayeipiga sumu mikarafuu kumi huenda amewaondoa walinzi wa minazi ishirini iliyoizunguka. Tena kunguni ana mabawa, na siku chache baada ya dawa kuisha nguvu hurudi akitokea shamba la tatu. Majimoto hawarudi hivyo. Malkia akifa kundi limekwisha, na kundi jipya huhitaji miaka miwili au zaidi kupata nguvu ya kutawala miti. Baina ya siku hizo chache na miaka hiyo miwili, minazi haina mlinzi.

Liko na jambo la usafi wa shamba, ambalo tunalisema tukijua litawashangaza wengi. Tumelelewa kuamini kwamba mkulima hodari ni yule ambaye chini ya miti yake pamefagiwa pakawa peupe kama uwanja, na mabwana shamba wamekuwa wakiwasifu watu wa namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika shamba la michungwa, ukachapishwa mwaka 2011, umeonesha kinyume chake katika jambo hili moja. Pale majani ya ardhini yalipoachwa, majimoto na sisimizi wa kichwa kikubwa waliweza kukaa pamoja. Pale yalipoondolewa yote, sisimizi alipanda mtini akawatoa majimoto. Hatusemi watu waache mashamba yageuke pori. Kufyeka kwa kiasi kunatosha, na jembe lisikwangue kila jani.

Wala hatusemi kwamba sumu isitumike kamwe. Wataalamu wetu na wenzao wa nje walikwisha kujaribu kumpunguza yule sisimizi mbaya kwa chambo, yaani chakula kilichochanganywa na sumu ya polepole, ambacho huwekwa penye shina la mnazi naye akakibeba mwenyewe mpaka kiotani. Sisimizi walipopungua, majimoto walienea. Hiyo ni sumu iliyotumiwa kwa akili, kidogo, mahali pake, kwa adui anayejulikana. Ni mbali sana na kijana mwenye bomba la mgongoni anayerusha ukungu juu ya mti mzima, ukaua majimoto, ukaua nyuki waliofuata upunga, ukaua buibui na nyigu wadogo ambao hatujui hata majina yao, na mwishowe ukamwangukia yeye mwenyewe usoni.

Tunadhani lugha yetu nayo imetuponza. Tumeiita sumu kwa jina la dawa. Mgonjwa hupewa dawa apone, na mti nao tunadhani umepewa dawa upone. Kwa hiyo dawa hii hununuliwa bila ya hofu, hupimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda, huwekwa jikoni karibu na chumvi, na ikibaki humwagwa mtoni. Yapo maduka yanayoigawa katika vichupa visivyokuwa na jina wala maelezo. Laiti muuzaji angelazimika kumwambia mteja, "Chukua sumu yako," huenda mteja angeuliza maswali mawili matatu kabla ya kuondoka. Sisi kuanzia leo tutaiita sumu katika safu hii.

Nchi nyengine zimekwisha kulipa gharama ya somo hili, na hatuna haja ya kulipa mara ya pili. Indonesia ni nchi ya visiwa kama sisi, na ndiko asili ya mkarafuu. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali yake iliwauzia wakulima wa mpunga sumu za wadudu kwa bei nafuu, ikibeba sehemu kubwa ya gharama kutoka hazina. Wakulima walipiga kwa wingi. Matokeo yake buibui na wawindaji wengine wa mabondeni walikufa, na mdudu mmoja mdogo wa kahawia anayefyonza shina la mpunga, ambaye zamani hakuwa tishio, akazidi mpaka akaharibu mashamba makubwa, na kila alipopigwa akazidi tena. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa amri ya kukataza aina 57 za sumu zisitumike katika mpunga, na kufikia mwaka 1989 ruzuku ile ikaondolewa kabisa. Palikuwapo waliotabiri njaa. Njaa haikuja, mpunga uliendelea kuongezeka, na fedha zilizookolewa zikawa za serikali. Wakulima wakaanza kufundishwa kondeni kuwatambua wadudu wao, nani adui na nani rafiki, na elimu hiyo ya kondeni ndiyo iliyokuja kuenea duniani kwa jina la shamba darasa. Hapa kwetu pia, katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Uholanzi, wakulima na wataalamu wa ulinzi wa mimea walifanya kazi kwa njia kama hiyo. Wapo waliofunzwa wakati ule ambao bado wako hai na bado wanalima. Ni nani anayekwenda kuwauliza?

Afrika nayo ina fahari yake. Mapema miaka ya 1970 mdudu mweupe wa unga unga, aliyetoka Amerika ya Kusini, alianza kuishambulia mihogo katika nchi za Kongo, akaenea nchi hata nchi, na watu waliotegemea muhogo wakaona njaa mbele yao. Hapana sumu ambayo mkulima wa muhogo angeweza kuinunua. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay nyigu mdogo mno anayetaga mayai yake ndani ya mwili wa mdudu huyo peke yake. Alichunguzwa kwanza ijulikane kwamba hatadhuru kitu kingine, kisha akaachiliwa Nigeria mwaka huo huo, na baadaye katika nchi nyingi za bara letu. Mdudu yule akapungua hadi akawa si tishio tena. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo kutoka kituo cha utafiti cha Ibadan, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Tunaposifu mambo haya hatusahau kunguru. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji. Leo kila mwenye vifaranga anajua alivyotulipa. Kiumbe mgeni asiletwe na mtu yeyote kwa akili yake mwenyewe. Hilo ni la wataalamu, kwa uchunguzi na kwa sheria. Lakini majimoto si mgeni. Hakuletwa na meli wala hahitaji kibali cha bandari, na anachohitaji kutoka kwetu ni kuachwa.

Na wale maofisa wanaosema kwamba njia za namna hii ni polepole, tunawakumbusha mbung'o. Kisiwa cha Unguja kilisumbuliwa na mbung'o miaka mingi, ng'ombe wakifa kwa nagana. Kwanza sumu ilitumika juu ya ng'ombe ili kuwapunguza, nayo ilipunguza lakini haikumaliza. Kisha kuanzia mwaka 1994 madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, walirushwa kwa ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, wakapandana na majike wasizae. Mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba Unguja imesalimika. Kazi ile ilikuwa ya subira, na serikali iliisimamia mpaka mwisho.

Kwa nini basi majimoto, ambaye hahitaji ndege wala maabara, hajapata msimamizi? Tunadhani tunaijua sababu, na tutaisema ingawa haitawapendeza wote. Katika taarifa ya mwaka ya ofisi yoyote ya kilimo kuna nafasi ya kuandika mabomba yaliyogawiwa, lita zilizosambazwa na ekari zilizopigwa. Hapana nafasi ya kuandika majimoto walioachwa hai. Bwana shamba anayekwenda kwa mkulima akamwambia "usipige" hurudi ofisini mikono mitupu, hana tarakimu ya kumwonesha mkubwa wake. Anayekwenda na bomba hurudi na tarakimu. Maadamu hali ni hiyo, tusiwalaumu vijana wa ngazi ya chini peke yao. Wakubwa wa Wizara waongeze safu moja katika fomu: minazi mingapi katika shehia hii ina majimoto, na mwaka jana ilikuwa mingapi. Kuhesabu ni rahisi, kwani viota huonekana kwa macho ya mtu aliyesimama chini.

Tumebaki na ndugu zetu wachumaji, na hatutaki waone kwamba tumewasahau. Anayepanda mkarafuu tangu alfajiri, akaumwa shingoni na kwapani huku mikono yote miwili imeshika tawi, ana haki ya kulalamika, na si haki kwa mtu aliyekaa kitini kumwambia avumilie kwa ajili ya minazi ya mtu mwengine. Zipo njia. Wachumaji wa nchi nyengine hujipaka jivu mikononi na miguuni, maana majimoto hawezi kushika vizuri palipo na jivu. Nguo ya mikono mirefu iliyofungwa vifundoni husaidia. Kiota kilicho penye tawi la kuchumwa kinaweza kukatwa jioni na kutiwa mfukoni, kikapelekwa mti mwengine wa kundi hilo hilo. Tunasema hilo hilo, kwa sababu makundi mawili yakikutanishwa huuana. Kamba iliyofungwa kutoka mti mmoja hadi mwengine huwa daraja kwao, kama Wachina wa kusini walivyokuwa wakiwafungia mianzi katika michungwa yao. Wachina hao wamekuwa wakiwatundika majimoto mitini tangu zama za mwaka 304, na zamani hizo waliwanunua sokoni ndani ya mifuko. Juu ya yote hayo, mwenye mikarafuu anayejua kwamba miti yake ina majimoto wengi na amlipe mchumaji zaidi kidogo kwa kila pishi. Bei ya sumu na ujira wa mwenye bomba zingetosha kwa nyongeza hiyo, na fedha ingeingia mfukoni mwa mwananchi.

Kuhusu shauri la bibi na jirani yake, tumeambiwa sheha ameliahirisha mpaka msimu upite, ili watu wachume kwanza. Kwa heshima zote tunasema huo si wakati wake. Kutoka karara kupasuka mpaka nazi kukauka ni mwaka mzima au karibu yake, kwa hiyo vidaka anavyoviokota bibi asubuhi hizi ndizo nazi zake za mwakani. Kijana wa bomba amekwisha kupewa siku ya kuja tena. Tunaiomba Wizara imtume bwana shamba au bibi shamba katika shehia hiyo kabla ya siku hiyo, apande na mkwezi, awahesabu majimoto waliosalia katika miti ya mpakani, kisha akae na majirani wawili hao na wachumaji wao mbele ya sheha.